Kosa Lilikuwa Ndani au Nje?

Katika mitaa ya Kariobangi, Nairobi, hakuna neno lizushalo ubishi upesi siku ya Jumapili jioni kama neno "penalti." Watu husahau ni nani aliyetoa pasi nzuri na ni nani aliyeokoa goli, lakini hawasahau mahali alipoangushwa mshambuliaji. Mmoja atasema kwamba alikuwa ndani ya boksi. Mwingine ataapa kwamba alikuwa nje kwa hatua nzima. Na wa tatu, ambaye pengine hakufika uwanjani kabisa, atawaamulia wote wawili. Katikati ya ubishi huo yuko mtu mmoja asiye na nafasi ya kubisha, naye ni refa. Yampasa kutoa hukumu kabla vumbi halijatulia, na akiisha kutoa hukumu hiyo, hana budi kusimama nayo mbele ya watu mia mbili au mia tatu waliosimama hatua chache tu kutoka mstari wa pembeni.

Wakazi wa Kariobangi wana haki ya kujiona wajuzi wa mambo ya penalti. Timu yao ya Kariobangi Sharks, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kupanda katika Ligi Kuu ya Kenya kwa msimu wa 2017, ilipambana na Everton ya Uingereza katika uwanja wa Kasarani tarehe 7 Julai, 2019. Dakika 90 zilikwisha timu zikiwa 1 kwa 1, na penalti zilipopigwa Sharks wakashinda 4 kwa 3. (Siku hiyohiyo Kenya ilimpoteza Joe Kadenge, mchezaji aliyependwa kuliko wengi, ambaye jina lake limepewa uwanja wa City Stadium; kwa hiyo furaha na msiba vililala pamoja katika Eastlands usiku ule.) Walakini penalti zile za kumaliza mechi hazina utata. Kila mtu ajua zitapigwa, na kila mtu ajua wapi. Utata uko katika ile penalti itokanayo na kosa lililofanyika palepale penye mstari, nusu mguu huku na nusu mguu kule.

Tofauti ya nusu mguu si ndogo. Kosa likiwa nje, timu iliyoonewa hupata frikiki, na mlinda mlango hupewa muda wa kupanga ukuta wa wachezaji mbele yake, nao watasimama mita 9.15 kutoka kwenye mpira. Kosa likiwa ndani, ukuta hauko tena. Hubaki mpigaji na mlinda mlango peke yao, mita 11 baina yao, na goli lenye upana wa mita 7.32. Katika ligi kubwa za ulimwengu penalti kama 3 katika kila 4 huingia, lakini frikiki ya mbali ikiingia watu huizungumza wiki nzima. Basi refa aamuapo kwamba kosa lilikuwa ndani, ni karibu sawa na kutoa goli, naye alijua hilo kabla ya kupuliza filimbi.

Mstari ni wa nani?

Jambo la kwanza lisilofahamika kwa watazamaji wengi ni kwamba mstari wenyewe ni sehemu ya eneo la penalti. Sheria yasema kwamba kila mstari uwanjani ni mali ya eneo uliozungushia. Mstari huo waweza kuwa na upana wa hadi sentimita 12, na upana huo wote ni wa ndani. Kwa hiyo yule asemaye, "Alikuwa juu ya mstari, hakuwa ndani," amejibu swali lake mwenyewe bila kujua. Aliye juu ya mstari yu ndani.

Tena mstari haukulala ardhini tu. Yafaa kuufikiria kama ukuta usioonekana uliosimama juu yake kwenda mbinguni. Mshambuliaji aweza kuwa na mguu mmoja umekanyaga nje, na mguu wa pili, alioinua ili apige mpira, ukawa hewani juu ya mstari. Mlinzi akiupiga mguu ule ulioinuliwa, kosa limefanyika ndani. Kinyume chake pia ni kweli, nacho hutokea mara nyingi zaidi: mshambuliaji akimbiaye kwa kasi hupigwa mguu wa nyuma akiwa bado nje, lakini kasi yake humchukua hata akaanguka hatua mbili ndani ya boksi. Umati wote humwona akiwa chini, ndani, ameshika kifundo cha mguu, na umati wote hupiga kelele. Refa mwenye ujuzi haangalii alipoanguka. Huangalia mahali miguu ilipokutana. Hiyo ni frikiki, na ndiyo hukumu inayoleta matusi kuliko zote, kwa kuwa macho ya mtazamaji humfuata mtu aangukaye, wala hayabaki pale alipoguswa.

Hata hivyo kuna kosa moja ambalo sheria huliendesha kwa njia nyingine, nalo ni la kushika. Mlinzi aliyezidiwa mbio humkamata mwenzake jezi akiwa nje, naye mshambuliaji huendelea kukimbia akimburura mshikaji kama ng'ombe aburutaye plau, mpaka wote wawili wameuvuka mstari. Hapo refa hatakiwi kurudi mahali mkono ulipoanza kushika. Kushika kukiendelea mpaka ndani, ni penalti. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: kupiga mguu ni kitendo cha mara moja, lakini kushika ni kosa linaloendelea kufanyika muda wote ambao vidole havijaachia.

Yako mengine ambayo wengi huyakosea. Mpira waweza kuwa katikati ya uwanja, na mlinzi akampiga kiwiko mshambuliaji ndani ya boksi lake mwenyewe. Maadamu mpira ulikuwa haujasimama, ni penalti, ijapokuwa mpira ulikuwa mbali. Mchezaji akisimama nje akamtupia jiwe au kiatu mpinzani aliye ndani, kosa huhesabiwa pale kilipompata au kilipokusudiwa kumpata, wala si pale mtupaji aliposimama. Mlinda mlango naye hahukumiwi kwa miguu yake. Aweza kusimama nje ya boksi na kunyoosha mikono akadaka mpira ulio ndani, asiwe na kosa lolote. Lakini miguu yake ikiwa ndani, na mpira aliougusa kwa mkono uko wote nje, amefanya kosa la kuunawa kama mchezaji mwingine yeyote. Na si kila kosa la ndani ni penalti. Mlinzi akimzibia mwenzake njia bila kumgusa, au akiinua mguu juu kwa hatari bila kumpata mtu, timu ya pili hupewa ile frikiki ambayo haiwezi kuingia moja kwa moja, hata kama mahali penyewe ni karibu kabisa na goli.

Halafu kuna ile nusu duara iliyochorwa mbele ya boksi. Huenda hakuna alama uwanjani iliyoonewa kuliko hiyo. Watu husema, "Alikuwa ndani ya D, refa!" kana kwamba hiyo ni hoja. Nusu duara ile si sehemu ya eneo la penalti hata kidogo. Iliongezwa mwaka 1937 kwa kazi moja tu, nayo ni kuwaweka wachezaji wengine mita 9.15 mbali na mpira wakati penalti inapopigwa. Siku nyingine zote na kwa makosa mengine yote haina kazi. Mtu akiangushwa ndani yake, ameangushwa nje.

Mstari huu ulitoka wapi

Mpira wa miguu ulichezwa miaka mingi bila penalti. Aliyeleta shauri hilo alikuwa Bw. William McCrum, mlinda mlango wa kijiji cha Milford huko Ireland, ambaye jamaa yake ilikuwa na kiwanda cha kitani. Alikuwa amechoka kuona wachezaji wakiwaangusha wenzao karibu na goli kwa makusudi, kwa kuwa adhabu yake ilikuwa ndogo kuliko faida. Shauri lake lilikubaliwa mwezi wa Juni, 1891. Baadhi ya waungwana wa Uingereza walichukizwa nalo sana. Waliona kwamba sheria hiyo yawadhania kuwa ni walaghai, nao kwa maoni yao hawakuwa hivyo.

Lakini boksi la leo halikuwako bado. Palikuwa na mstari mmoja uliokata uwanja mzima, yadi 12 kutoka goli, na mpigaji aliweza kuuweka mpira popote juu ya mstari huo. Ilikuwa mwaka 1902 ndipo lilipochorwa boksi tunalolijua, lifikalo yadi 18 mbele ya goli na yadi 18 kila upande wa milingoti, yaani mita 16.5. Ukihesabu na upana wa goli, boksi lote lina upana wa mita 40.32. Ugomvi wa ndani na nje una zaidi ya miaka 120, basi, wala haukuanzia Kariobangi.

Mfano mkubwa kabisa ulionekana na ulimwengu mzima tarehe 7 Julai, 1974, katika mji wa Munich, Ujerumani Magharibi walipocheza na Uholanzi fainali ya Kombe la Dunia. Waholanzi walianza mpira wakapasiana wao kwa wao, na kabla Mjerumani yeyote hajaugusa, Johan Cruyff akakimbia nao kuelekea goli. Uli Hoeness akamwangusha penye ukingo wa boksi. Refa alikuwa Mwingereza, Bw. Jack Taylor, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuza nyama huko Wolverhampton. Alionyesha alama ya penalti bila kusita, ingawa mchezo ulikuwa haujatimiza hata dakika mbili, na ingawa wenyeji walikuwa wamejaa uwanja mzima. Haikuwahi kutolewa penalti katika fainali ya Kombe la Dunia kabla ya siku ile. Hadi leo wako wanaobisha kama miguu ilikutana ndani au nje. Jambo lisilobishiwa ni kwamba Bw. Taylor aliufuata mchezo kwa mbio, na hakuamua kutoka mbali.

Na hiyo ndiyo siri ya kazi yenyewe, kama siri ipo. Refa hatakiwi kukimbia nyuma ya mpira moja kwa moja, kwa maana ataona migongo ya watu tu. Kwa desturi iliyoenezwa na Bw. Stanley Rous katika miaka ya 1930, hukimbia kwa mshazari, kutoka pembe moja ya uwanja kuelekea pembe ya pili, ili mchezo uwe baina yake na mshika kibendera. Afikapo karibu na boksi hutafuta upenyo baina ya wachezaji wawili. Refa aliyesimama hatua 10 mahali pabaya huona kidogo kuliko aliyesimama hatua 20 mahali pazuri.

Lakini hata refa mwema hawezi kuwa sambamba na mstari kila mara. Hapo humhitaji mshika kibendera, ambaye sasa huitwa mwamuzi msaidizi. Kuna lugha ya kimya baina ya hao wawili ambayo watazamaji wachache huitambua. Kosa likitokea karibu na mstari, mara tu filimbi inapolia refa humtazama msaidizi wake usoni. Msaidizi akisimama wima sawasawa na mstari wa boksi, maana yake kosa lilikuwa nje. Akiondoka na kushuka kando ya uwanja kuelekea kibendera cha pembeni, maana yake lilikuwa ndani. Hakuna maneno, na mambo hayo yote huisha katika muda wa pumzi mbili. Mtazamaji aonaye refa amepiga filimbi bila kuonyesha kitu kwa mkono hudhani kwamba ameogopa. Mara nyingi anasoma.

Katika mechi za mtaani msaada huo mara nyingi haupo. Kibendera hupewa kijana wa timu moja upande huu, na wa timu ya pili upande ule, nao wana mapenzi yao. Refa mwenye busara humshukuru kila mmoja na kumpa kazi ya kuonyesha mpira uliotoka tu. Mambo ya boksi huyabeba mwenyewe.

Jambo la kadi lazidi kuutia mstari uzito. Tangu mwaka 2016 sheria ilibadilishwa. Mlinzi akimnyima mpinzani nafasi wazi ya kufunga, naye alikuwa akijaribu kwa haki kuucheza mpira, akakosea na kumwangusha mtu ndani ya boksi, hupewa kadi ya manjano pamoja na penalti. Kosa lilelile, kwa mguu uleule, likifanyika kidole kimoja nje ya mstari, ni frikiki na kadi nyekundu. Waliotunga sheria waliona kwamba penalti, kadi nyekundu, na kufungiwa mechi inayofuata ni adhabu tatu kwa kosa moja. Hoja yao ina haki. Walakini matokeo yake ni ya ajabu: wako walinzi ambao, mtu akiwapita, wangeona heri kosa lihesabiwe ndani, hasa mlinda mlango wao akiwa hodari, na wako washambuliaji ambao wangependa kuona wapinzani wamebaki 10 kuliko kupata penalti. Tahadhari moja: msamaha huo si wa kila mtu. Aliyeshika, aliyevuta au aliyesukuma hatoki na manjano, hata ndani ya boksi, kwa kuwa hakuwa akiutafuta mpira.

Tangu Kombe la Dunia la mwaka 2018 mataifa makubwa yametumia picha za televisheni kumsaidia refa, mtambo uitwao VAR. Katika swali la ndani au nje mtambo huo ni hodari kuliko katika maswali mengine, kwa sababu hilo ni jambo la mahali, wala si la nia ya mtu. Refa hahitaji hata kwenda kutazama picha mwenyewe. Huambiwa sikioni kwamba ilikuwa ndani, au nje, mambo yakaisha. Wakazi wa Kariobangi waliuona mtambo huo ukifanya kazi Kasarani, mwendo mfupi kutoka kwao, katika mashindano ya CHAN mwezi wa Agosti, 2025. Lakini timu za mtaani hazina kamera kumi. Zina refa mmoja, ambaye pengine jana alikuwa kazini kama watu wengine, na ambaye posho yake haimtoshi kununua viatu vipya.

Mtu huyo ndiye anayestahili kufikiriwa. Mechi ya kupanda daraja ikiamuliwa kwa penalti ya dakika ya 88, hana ukuta wa kumlinda wala njia ya kutokea isipokuwa kupita katikati ya walewale waliokasirika. Sheria yasema kwamba uamuzi wake juu ya mambo ya mchezo ni wa mwisho, na hiyo ni kweli hata alipokosea kwa haki. Jambo lililo tofauti ni hila. Mwezi wa Novemba, 2016, Afrika ya Kusini iliifunga Senegal 2 kwa 1 katika mechi ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, na goli moja lilitokana na penalti ya mkono, ingawa mpira ulikuwa umempiga Kalidou Koulibaly gotini. Mwaka uliofuata FIFA ilimfungia refa wa Ghana, Joseph Lamptey, maisha yake yote kwa kuingilia matokeo ya mechi. Mchezo ulirudiwa, Senegal wakashinda 2 kwa 0 wakaenda Urusi. Yeyote anayepiga kelele za "refa amenunuliwa" kila mstari unapobishiwa, na atofautishe kwanza mtu aliyekosea na mtu aliyeuza.

Katika bonde la Mathare, jirani na Kariobangi, chama cha vijana kiitwacho MYSA kimekuwa kikiendesha ligi tangu mwaka 1987, na timu zake hupata pointi kwa kuzoa takataka mitaani kama wazipatavyo kwa kushinda mechi. Vijana hufundishwa kuwa marefa pia, jambo linalofaa sana. Mtoto aliyewahi kupuliza filimbi mbele ya wenzake hamtukani refa kwa wepesi. Na Kenya ina marefa wa kujivunia. Bw. Peter Waweru, aliyeamua mechi za Kombe la Mataifa ya Afrika, hufundisha hisabati katika chuo kikuu. Yamkini hakuna fani imfaayo zaidi mtu ambaye riziki ya wengine yategemea mstari na pembe.

Yako mambo ambayo refa wa mtaani aweza kuyafanya kabla ya mchezo, na hayahitaji fedha nyingi. Afike mapema, aupime mstari kwa hatua zake mwenyewe, hatua ndefu 18 kutoka goli, kwa kuwa katika viwanja vya udongo boksi la upande mmoja huweza kuwa fupi kuliko la upande wa pili, na hakuna aliyejali. Awaite manahodha wote wawili wauone. Mstari wa majivu au wa chokaa kidogo hufutwa na viatu kabla ya mapumziko, hasa pale mbele ya goli ambapo watu hukanyagana, na mwisho wa mchezo kila upande una mstari wake kichwani. Kwa hiyo na awaambie wenyeji waweke debe la chokaa kando ya uwanja, na dakika zile za mapumziko, wachezaji wanapokunywa maji, mtu mmoja apite tena juu ya mistari yote miwili, refa akiwa amesimama hapo anatazama.